BMU, WMA, msitu wa pamoja au jumuiya ya maji: kijiji cha ardhi oevu kichukue kipi?

Mjomba wangu anaishi delta ya Rufiji, yumo kwenye halmashauri ya kijiji, na juzi kanipigia simu usiku, hata shikamoo yangu haijaisha ameshaanza: "Marahaba mjomba, sikiliza. Kila mwezi hapa anakuja mtu na kabrasha lake. Huyu anataka tuimarishe BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi, yule anatuambia WMA, jumuiya ya wanyamapori, wa misitu wanataka tusaini usimamizi wa pamoja wa mikoko, na sasa wa bodi ya bonde la mto wanasema tuwe na jumuiya ya watumia maji. Sisi ni watu walewale, tutakaa vikao vingapi? Tuchukue kipi?"

Nikamwambia nipe siku mbili tatu niandike vizuri, alafu nikaona niandike kwa wote, maana hili swali si la kijiji chake tu, wa Kilombero wanaulizwa hivohivo, wa Malagarasi hivohivo, na wenzetu wa Kenya kule Ziwa Naivasha walishalipitia kabla yetu na yapo ya kujifunza kwao.

Kwanza niondoe wasiwasi mmoja ambao nimeusikia sana vijijini, kwamba eneo likishaitwa Ramsar basi ardhi imechukuliwa na wazungu. Hapana. Ramsar ni mji wa Iran, mkataba wa ardhi oevu ulisainiwa pale tarehe 2 Februari 1971, Tanzania ikajiunga mwaka 2000 na mpaka sasa ina maeneo manne: Malagarasi-Muyovozi ambalo ni kubwa kupita kiasi, hekta 3,250,000, alafu bonde la Ziwa Natron, bonde la Kilombero, na la nne Rufiji-Mafia-Kilwa lililoingizwa mwaka 2004, hekta 596,908. Mkataba hauna askari, hauna mshahara, haubadilishi hati ya mtu. Unachodai kwa nchi ni kwamba eneo litumike kwa busara lisiharibike, na mwaka 1999 nchi wanachama zilipitisha miongozo kabisa ya kuwashirikisha wenyeji. Ila namna ya kuwashirikisha inabaki kwenye sheria za nchi yenyewe, na hapo ndo kabrasha zinapozaliwa nne, kwa sababu samaki wana sheria yao, wanyama yao, msitu yake, maji yake, wakati maji yanayopita chini ya mkoko ni hayohayo yanayomlea kamba na hayohayo yanayolima mpunga.

Mi nachagua kwa maswali mawili tu. La kwanza, hapo kwenu kinachovuja ni nini hasa, samaki, miti, ardhi au maji? La pili, kwenye huo mpango nani kashika mpini, yaani nani anatoa ruhusa, nani anakata risiti, hela inaingia akaunti ya nani? Kijiji kikishika makali na mwenzake kashika mpini, ule ushirikishwaji ni wa kwenye karatasi tu.

Tuanze na BMU kwa sababu ndo nyepesi. Kwa Kiswahili cha serikali ni kikundi shirikishi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kinatokana na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni za 2009, na utamu wake ni kwamba wanaotunga utaratibu ndo haohao wanaoingia majini. Kuna asubuhi nilikaa dikoni maji yameshatoka, katibu wa BMU ana kaunta buku lake kalifunga kwenye mfuko wa nailoni lisilowe, kila chombo kinachoingia anaandika namba, nahodha, aina ya nyavu, kilo, alafu anashika jicho la nyavu anapitisha vidole viwili, visipopita anamwangalia mwenye nyavu machoni bila kusema kitu na yule mwenye nyavu anaanza kujieleza mwenyewe. Hakuna afisa kutoka wilayani anayeweza kufanya vile kila siku, kwanza hajui nani ni nani, pili nauli yenyewe ya boti hana. Lile buku ni mali, kwa sababu kesho mtu akija kusema delta haina samaki tena au wavuvi wamezidi, kijiji kina namba zake mkononi.

Na BMU ikifanya kazi matokeo yanaonekana haraka, sanasana kwenye pweza. Pwani yetu na visiwani kuna vijiji vinafunga mwamba miezi kama mitatu hivi, pweza anakua haraka mno, siku ya kufungua watu wanatoa pweza wakubwa wa uzito ambao walikuwa wameshausahau na hapo hata aliyekuwa anabisha mkutanoni ananyamaza. Kwa mjomba hilo halipo maana delta ni tope na si miamba, ila kamba na kaa wapo, na kufunga mlango wa mto mmoja kwa msimu ni jambo wanaloliweza.

Udhaifu wa BMU sasa. Hela. Doria inakula mafuta, na BMU nyingi chanzo chake cha kueleweka ni kile kidogo kinachotokana na ushuru pale ambapo halmashauri imekubali wakusanye kama wakala, halmashauri ikibadilisha utaratibu kikundi kinabaki na fulana tu. Nimeshaona boti la doria limelala mchangani, injini imeondolewa, mradi umeisha. Alafu kuna undugu, unamkamataje shemeji yako na kokoro leo wakati kesho mko wote msibani? Na usisahau kwamba serikali inaweza kubadili mawazo, Uganda walikuwa na BMU kwenye maziwa yao kwa miaka, lakini mwaka 2017 kazi ya doria ikawekwa mikononi mwa jeshi. Kwaiyo mpini wa BMU upo kijijini, ndiyo, ila ni mpini wa kuazima.

Kingine ambacho kinaniuma kabisa ni akina mama. Maji yakiwa yametoka utawaona wanatanda uduvi na vitambaa au chandarua, ndo mboga ya nyumbani na ndo ada ya daftari, lakini hawana chombo, hawana leseni, kwaiyo kwenye kikundi cha wenye vyombo hawahesabiki na siku sheria ndogo inatungwa wao ndo wa kwanza kukatazwa. Miongozo ya pamoja ya BMU za Ziwa Victoria iliwahi kulishika hili kwa mgao: asilimia 30 ya kamati wenye mitumbwi, 30 mabaharia, 10 wachuuzi wa samaki, 30 wadau wengine, na wanawake wasipungue watatu. Hata kama nyie mko bahari na si ziwa nakushaurini mwige huo mgao kwenye katiba yenu, na kati ya hao wanawake awepo anayetanda kweli, asiwe mke wa mwenyekiti tu.

WMA, yaani jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, ni safari ndefu. Mkutano mkuu wa kijiji ukubali, vijiji viungane, jumuiya isajiliwe, katiba, mpango wa matumizi bora ya ardhi, sheria ndogo, ramani, tangazo la serikali, jumuiya iidhinishwe, alafu ndo mwombe haki ya matumizi, alafu sasa ndo mtafute mwekezaji. Hiyo ni miaka, si miezi. Na kumbuka kwenye BMU hamtoi ardhi, kwenye WMA mnatenga ardhi ya kijiji, na ikishatengwa na kutangazwa kuirudisha ni kazi nzito. Ukiniuliza mpini wake, ni wa watu wawili: jumuiya inaingia mkataba na mwekezaji lakini ada nyingi za utalii na uwindaji zinapita kwanza serikalini ndo mgao unarudi, na ukichelewa askari wenu wa kijiji wanakaa bila posho.

Inalipa penye wanyama na penye wageni, kwisha. Bonde la Kilombero kwa mfano lina sheshe, yule swala ambaye sehemu kubwa ya wenzake duniani ilikuwa palepale bondeni, na vijiji vya huko viliunda ILUMA, jina limetokana na Ifakara, Lupiro na Mang'ula. Wazo zuri. Lakini bonde lilishakuwa na presha ya ng'ombe, mashamba ya mpunga na miwa, mwaka 2012 ikapita operesheni ya kuondoa wafugaji, na mwaka 2023 sehemu ya bonde ikapandishwa hadhi kuwa pori la akiba. Ninachotaka uone mjomba ni kwamba pale mpaka ulichorwa wakati watu na mifugo wameshajaa, na jumuiya hata ikiwa nzuri vipi haiwezi kubeba peke yake mgogoro wa ardhi wa wilaya nzima. Penye ugomvi wa ardhi WMA si pa kuanzia, anzeni na mpango wa matumizi ya ardhi wenyewe kama wenyewe, wafugaji wakiwa ndani ya chumba na siyo nje.

Na kama mnachotaka ni hela za wageni tu, si lazima WMA. Mabamba kule Uganda, kando ya Ziwa Victoria, eneo la Ramsar tangu 2006, wavuvi walikuwa wanamchukia korongo-nyangumi wakiamini ukimwona asubuhi siku yako imeharibika, hupati samaki, kwaiyo walimuua. Wageni wakaanza kuja kumwona, wavuvi wakawa ndo waongozaji wenye mitumbwi, na yule ndege wa mkosi akawa ndo mkate wao. Ni chama cha wenye mitumbwi na waongozaji, hakuna pori lililotengwa. Tofauti ya gharama na WMA ni mbingu na ardhi.

Sasa msitu wa pamoja, na hapa mjomba kaa vizuri maana hili ndo lenu. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 ina njia mbili ambazo watu wanazichanganya kila siku. Kuna msitu wa kijiji, ulioko kwenye ardhi ya kijiji, mnautunza na mapato ni yenu. Na kuna usimamizi wa pamoja, msitu ni wa serikali, nyie mnasaidia kutunza na mnagawana kulingana na mkataba. Mikoko iko kwenye njia ya pili, ni hifadhi ya serikali tangu zamani, siku hizi chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwaiyo mtu akikuambia "mtamiliki mikoko yenu" muulize kwa kifungu gani. Mpini uko TFS, na kazi yenu yote ni kuhakikisha sehemu ya mpini inaandikwa kwenye mkataba: asilimia ngapi ya faini, asilimia ngapi ya vibali vya boriti, boriti ngapi kwa mwaka kwa matumizi ya nyumbani bila kibali cha mbali, malipo kwa muda gani. Kama ile sehemu ya mgao imeachwa wazi na wanasema "itajazwa baadaye" msisaini. Nasema hivi kwa sababu nimekaa kwenye mkutano ambao karatasi ilisomwa mbio, watu wakapiga makofi, na pale penye mgao palikuwa na nukta nukta. Wanakijiji wakalinda msitu bure miaka yote ile na walipouliza wakaambiwa mnalinda kwa faida ya vizazi vijavyo.

Alafu kwenye delta mikoko haimalizwi na boriti peke yake, inamalizwa na mpunga, na mwenye shamba la mpunga si mhalifu, ni jirani yako. Mto unapobadili njia maji baridi yanasogea, watu wanayafuata, mkoko unakatwa, mpunga unastawi kweli misimu ya mwanzo, baadae kaa wanakata miche, magugu yanazidi, chumvi inarudi, mtu anahamia mbele kukata tena. Mkataba wa msitu usiomtaja mkulima wa mpunga, ataishi wapi na atalima wapi, utavunjwa kabla wino haujakauka. Hapa ndo usimamizi wa pamoja unaizidi BMU, kwa sababu BMU haina la kusema kabisa kuhusu shamba, ila unazidiwa na BMU kwenye kasi na kwenye moyo wa watu.

Kuna na habari ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa ambayo mikoko inaifyonza. Mfano mzuri ni Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza 2013, hekta 117 tu, wanauza kama tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka kupitia Plan Vivo, kiwango cha kimataifa cha kuthibitisha miradi ya kaboni, na hela imeingia kwenye maji ya bomba na shule za Gazi na Makongeni. Nawapenda wale watu kwa sababu kamati ni ya kijiji na matumizi yanapangwa kijijini. Lakini nyuma yake kulikuwa na miaka ya watafiti kupima mikoko palepale, si kitu cha kuamka na kusaini. Huku kwetu Tanzania tuna kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022 na miradi inasajiliwa kupitia kituo cha kaboni kilichopo SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, kwaiyo dalali yeyote akifika na mkataba wa miaka thelathini na peni mkononi, mwombeni kwanza barua ya huko.

Jumuiya ya watumia maji nitaipitia haraka kwa upande wetu, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inaziruhusu, zinafanya kazi chini ya bodi ya bonde, kwenu ni Bonde la Rufiji. Kazi yake ni kugawana maji, kulinda kingo, kusuluhisha. Inafaa sana juu mtoni, kwenye vijito vinavyoingia Kilombero, penye mifereji na pampu na watu wanaonyang'anyana zamu. Delta hamna wa kugawana naye zamu, nyie mko mkiani mnapokea kilichobaki.

Ila Naivasha inafundisha. Wenye mashamba kando ya ziwa walikuwa na chama chao tangu zamani, wakaandaa mpango wa kusimamia ziwa, eneo likawa Ramsar 1995, na mwaka 1999 chama kikawa kati ya waliopewa tuzo za kwanza kabisa za Ramsar. Mpango ukatangazwa rasmi 2004, ukapelekwa mahakamani na watu waliosema hawakushirikishwa, ukasimama. Tuzo wanayo, mpango umesimama! Ukaja ukame wa 2009, ziwa likashuka vibaya, mwanzoni mwa 2010 samaki wakafa wakaelea. Ila kipo na kizuri: jumuiya ya watumia maji ikawaweka pamoja wenye mashamba ya maua, wavuvi, hoteli na wengine, na ukaanzishwa utaratibu ambao watumia maji wa chini wanawapa wakulima wadogo wa juu vocha za pembejeo, nao wakulima wanapanda majani ya kuzuia mmomonyoko, miti, wanaacha kulima ukingoni. Mkulima wa juu hahubiriwi, analipwa. Hicho ndo jumuiya ya maji inakiweza na hao wengine watatu hawakiwezi, kumuunganisha wa juu na wa chini.

Ukizipanga ubavu kwa ubavu basi. Kwa kasi, BMU ya kwanza, jumuiya ya maji inafuata, msitu wa pamoja baada yake, WMA mwisho. Kwa ukubwa wa hela inayowezekana ni kinyume chake karibu kabisa, WMA na kaboni juu, BMU chini, ila hela inayowezekana na hela iliyofika ni vitu viwili. Kwa hatari ya kupoteza ardhi, WMA ndo ya kuangalia kwa macho mawili, msitu wa pamoja wa mikoko haukuongezei hatari maana tayari si yenu kisheria. Kwa kubagua watu, zote, kila moja na wake: BMU inawaacha wanaotanda, WMA inawaacha wafugaji, msitu unawaacha wakulima wa mpunga, maji yanawaacha wasio na kibali.

Kwaiyo mjomba, kwa kijiji chako: BMU mnayo, ifufueni kwanza, kaunta buku na mgao wa kamati kabla ya boti. Usimamizi wa pamoja wa mikoko ingieni, lakini siku mgao ukiwa umeandikwa kwa namba na wenye mpunga wana eneo lao kwenye ramani. Jumuiya ya maji tumeni mjumbe mmoja mwenye mdomo kwenye vikao vya bonde, maana bwawa la Julius Nyerere liko juu yenu na mafuriko ya 2024 mliyaona wenyewe, mnahitaji mtu wa kuuliza maji yanafunguliwa lini na taarifa inafikaje delta. WMA hapana, hamna wageni wa picha na hamna ardhi ya kutenga. Na zote hizo ziwe na kamati moja ya maliasili ya kijiji inayopokea taarifa, vikao viwe siku moja, asubuhi samaki mchana msitu.

Nilipomsomea haya kwenye simu alinyamaza kidogo, alafu akasema mkutano mkuu ni Ijumaa baada ya swala, na kwamba ile karatasi ya misitu anayo ndani ya sanduku. Nikamwambia aifungue ukurasa wa mgao anisomee. Akawasha tochi ya simu, nikasikia karatasi zinafunuliwa, alafu akasema, "Mjomba, hapa pana nukta nukta."